Uliza tone la maji kabla ya kuulaumu wino

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja anayefungasha chumvi alinirudia na mzigo wa pakiti tulizomchapia. Hakugomba. Alilowesha kidole gumba, akakipitisha mara moja juu ya jina la bidhaa yake, kisha akanionyesha kidole kilivyogeuka buluu. "Mwanangu," aliniambia, "chumvi yangu haina jina tena."

Nilianza kwa kuulaumu wino. Tukabadilisha wino, tukaongeza joto la kukaushia, tukapunguza mwendo wa mashine. Hakuna kilichosaidia. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye nailoni yenyewe. Roli lile lilikuwa limekaa ghalani miezi minne, limeegemezwa kwenye ukuta wa bati ambao mchana haushikiki kwa joto. Nilipoweka tone la maji juu yake, tone lilijikunja kama shanga. Nailoni iliyokuwa tayari kuchapwa siku ilipotoka kiwandani ilikuwa imepoteza utayari huo kimyakimya, na mimi sikuwa nimeipima.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayechapa vifungashio, unayenunua nailoni kwa roli, au unayeendesha mashine ndogo ya kupuliza nailoni na unashangaa kwa nini mzigo wa Jumatatu unashika wino na wa Alhamisi haushiki, ilhali punje zimetoka gunia moja. Ninalotaka ulishike ni hili: jinsi maji yanavyokaa juu ya nailoni haiamuliwi na aina ya plastiki peke yake. Huamuliwa pia na viongezo vilivyotiwa, joto lililoiyeyusha, hewa iliyoipoza, umeme ulioipitia, na siku ilizolala ghalani. Kila hatua huacha alama usoni mwa nailoni. Jicho haliioni alama hiyo, lakini tone la maji huionyesha.

Tone linasema nini

Tazama jani la mgimbi baada ya mvua. Maji hayalilowanishi, yanajikusanya matone ya mviringo na kubingirika hadi chini. Sasa tazama kioo kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri: maji yaleyale yanatanda utando mwembamba. Maji huvutana yenyewe kwa yenyewe, na uso nao huyavuta upande wake. Uso ukiwa dhaifu, maji hujikunja. Uso ukiwa na nguvu, hutanda.

Nguvu hiyo hupimwa kwa milinyutoni kwa mita. Mafundi wa uchapaji huiita daini, na namba ni zilezile. Maji yana takriban 72. Polithini ambayo haijatibiwa, yaani haijapigwa umeme wa korona nitakaoueleza mbele, ina takriban 31, polipropilini takriban 30, na polyesta takriban 43. Ukilinganisha 72 na 31 utaelewa kwa nini maji hayana hamu na polithini mbichi.

Njia nyingine ya kueleza jambo hilo ni pembe ya mguso, yaani pembe iliyopo pale ubavu wa tone unapokutana na nailoni, ikipimwa kutokea ndani ya tone. Mwingereza Thomas Young alilieleza wazo hili mwaka 1805, na hadi leo ndilo tunalotumia. Pembe ikizidi digrii 90, maji yanajikunja. Ikipungua hapo, yanaanza kulala. Polithini ambayo haijatibiwa huwa kati ya digrii 95 na 105. Iliyotibiwa vizuri hushuka hadi sabini na kitu.

Kuna mtego mmoja hapa. Spiriti ina daini 22 tu, hivyo wino wa spiriti utatanda vizuri hata juu ya polithini mbichi. Kutanda si kushika. Wino ule ukikauka, hauna cha kung'ang'ania, nao hutoka kwa kucha au kwa utepe wa gundi. Ndiyo maana tunauliza maji wala hatuulizi wino: maji ni magumu kuridhika, kwa hiyo yanaonyesha udhaifu ambao wino unauficha hadi mteja aupate mwenyewe.

Namna ya kupima mwenyewe

Huhitaji maabara. Tafuta maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari (si tindikali yake), bomba la sindano la insulini, simu yenye kamera nzuri, kipande cha kioo tambarare na tochi.

1. Toa mizunguko michache ya nje ya roli, kwa kuwa imeshikwashikwa. Kata vipande vitatu: ukingo wa kushoto, katikati, na ukingo wa kulia. Vishike pembeni tu. Mafuta ya vidole yatakuharibia kipimo.

2. Bandika kila kipande kwenye kioo kwa utepe, bila mikunjo. Andika upande wa nje na upande wa ndani, kisha pima zote mbili.

3. Sukuma tone dogo kwenye ncha ya sindano, chini kidogo ya uniti moja. Kwenye bomba la insulini la U-100, uniti moja ni mikrolita 10. Lishushe polepole hadi liguse nailoni, kisha inua sindano. Usilidondoshe kutoka juu, maana kishindo hulilaza.

4. Ndani ya nusu dakika piga picha kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa mmoja na nailoni na tochi ikimulika kwa nyuma.

5. Kuza picha. Pima upana wa tone pale linapokalia nailoni, na kimo chake. Gawanya kimo kwa nusu ya upana. Kwenye kikokotoo cha simu, bonyeza tan⁻¹ ya jibu hilo, kisha zidisha kwa 2. Hiyo ndiyo pembe ya mguso. Huna haja ya kujua ukubwa halisi wa tone, kwa kuwa unagawanya kipimo kimoja kwa kingine cha picha ileile.

6. Pima matone matano kwa kila kipande, uchukue wastani.

Chukua mfano. Tone lenye upana wa milimita 2.7 na kimo cha milimita 1.6: nusu ya upana ni 1.35, na 1.6 kugawanya kwa 1.35 ni takriban 1.19. Pembe inatoka digrii 100 hivi. Nailoni hiyo usiichape. Tone jingine la ujazo unaokaribia huo, lenye upana wa 3.3 na kimo cha 1.25, linatoa digrii 74 hivi. Hapo unaweza kuendelea.

Wenye kalamu au vimiminika vya kupimia daini wanapata jibu haraka zaidi. Unapaka mstari na kuutazama kwa sekunde 2: ukibaki mzima, nailoni imefika namba hiyo, ukijikata kuwa matone, haijafika. Kwa kawaida wino wa spiriti unataka angalau 38, na wino wa maji 42 au zaidi. Ila kuwa mwangalifu: vimiminika vingi vya aina hiyo vina formamaidi, ambayo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vaa glavu, fungua madirisha, na mjamzito asivishike.

Viongezo: nta inayopanda polepole

Nailoni nyingi za kufungashia hutiwa kiongezo cha kuteleza ili mifuko isigandane na mashine iivute bila kukwama. Vinavyotumika sana ni erukamaidi na oleamaidi, kwa kiasi kidogo mno, mara nyingi sehemu 500 hadi 1,500 katika milioni. Plastiki ikiwa ya moto huvimeza. Ikishapoa haiwezi kuvibeba vyote, navyo huanza kupanda juu kama jasho, kwa saa na siku kadhaa, hadi vitengeneze utando wa nta. Oleamaidi hupanda haraka kuliko erukamaidi.

Ndiyo maana nailoni ya leo na ya wiki ijayo si kitu kimoja, hata kama ni roli lilelile. Ukiichapa ikiwa imevaa nta, wino umesimama juu ya nta, haujaigusa plastiki. Kwa hiyo muulize muuzaji: nailoni hii ina kiongezo cha kuteleza? Kiasi gani? Roli lilitoka kwenye mashine tarehe ngapi?

Plastiki iliyorudishwa ina tatizo lake. Ndani yake mmechanganyika viongezo vya mifuko ya kila aina, na hakuna anayejua ni vipi. Usiikatae kwa sababu hiyo. Ila pima kila roli, usipime moja ukadhani umepima mzigo mzima.

Joto la kuyeyushia

Polithini laini hupulizwa kwenye joto la digrii 160 hadi 200 hivi za Selsiasi. Katika joto hilo hewa haipati muda wa kuibadilisha sana, ndiyo maana nailoni ya kupuliza hutoka ikiwa bado inayakimbia maji. Kwenye kazi ya kupaka polithini juu ya karatasi, kama ile ya maboksi ya maziwa, joto hupandishwa zaidi ya digrii 300 kwa makusudi, ili plastiki iliyoyeyuka iungane na oksijeni katika ule upenyo mfupi kati ya mdomo wa mashine na karatasi. Oksijeni hiyo ndiyo inayoifanya ishike.

Usijaribu njia hiyo kwenye mashine ya kupuliza. Nimewaona mafundi wakipandisha joto wakitumaini wino utashika. Kilichotokea ni puto la plastiki linalopulizwa kuyumba, nailoni kunuka moshi, na chembe ngumu kama mchanga kujitokeza katikati ya nailoni. Kwa kupuliza, joto lenye faida ni lile lisilobadilika. Likipanda na kushuka, unene na uso vitapanda na kushuka nalo, na pembe ya mguso itatofautiana mita hadi mita.

Kupoza na ulaini wa uso

Nailoni inayopulizwa hupozwa na hewa, taratibu. Muda huo huziruhusu fuwele za plastiki kukua, na uso hupata vijibonde na vijilima vidogo vinavyoifanya iwe na ukungu kidogo ukiitazama kwenye mwanga. Nailoni inayomwagwa juu ya rola baridi hugandishwa papo hapo, hivyo hutoka laini na ang'avu. Na plastiki ikisukumwa kwa nguvu kupita mdomo mwembamba, hasa polithini ya LLDPE, uso hukwaruza kama ngozi ya papa.

Ukwaruzi huu una athari ambayo Robert Wenzel aliieleza mwaka 1936: unazidisha tabia iliyokuwepo. Uso unaoyakimbia maji utayakimbia zaidi ukikwaruza. Uso unaoyapenda utayapenda zaidi. Kwa hiyo usilinganishe pembe ya nailoni ya kupuliza na ya rola baridi kana kwamba ni ndugu. Linganisha kila aina na roli zuri la aina yake, lile lililowahi kukuchapia vizuri.

Wanaotengeneza nailoni za wanga wa muhogo au za kitosani kwa kumwaga uji wake kwenye sinia na kuukausha wapime pande zote mbili bila kukosa. Upande uliolala kwenye sinia huiga ulaini wa sinia. Upande ulioangalia hewa umekauka kivyake. Nailoni moja inaweza kukupa pembe mbili tofauti kabisa, na sinia la kioo halitoi jibu sawa na sinia la plastiki.

Umeme wa korona

Hapa ndipo nailoni inapobadilishwa tabia kwa makusudi. Njia hii inatokana na kazi ya mhandisi wa Denmark, Verner Eisby, mwaka 1951. Nailoni hupita juu ya rola, na juu yake kuna upau wenye umeme wa maelfu ya volti. Hewa iliyo katikati huwaka mwanga wa zambarau. Cheche hizo hukata viungo vya plastiki usoni tu, kwa kina kidogo mno kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, na oksijeni hushika pale palipokatwa. Uso uliokuwa hauna mvuto unapata sehemu za kuyashika maji na wino.

Kipimo cha kujua umeitibu kiasi gani ni rahisi: gawanya wati za mashine kwa upana wa nailoni katika mita, kisha gawanya tena kwa mwendo wa mita kwa dakika. Mashine ya wati 2,000 ikitibu upande mmoja wa nailoni yenye upana wa mita 1 kwa mwendo wa mita 100 kwa dakika inatoa 20. Msimamizi akiongeza mwendo hadi mita 160 ili mzigo uishe mapema, bila kugusa umeme, kipimo kinashuka hadi 12.5. Kazi imeharibika na hakuna aliyeona. Kabla ya kuulaumu wino, uliza mwendo uliongezwa lini.

Mambo mengine ya kushika:

Tibu mapema. Nailoni ikiwa ndiyo imetoka kwenye puto, nta haijapanda. Iliyotibiwa ikiwa changa inaweza kuhuishwa tena kidogo kwenye mashine ya uchapaji. Ambayo haikutibiwa kabisa na sasa imevaa nta, ni shida kuirudisha.

Usipitilize. Ukiipiga umeme kupita kiasi, vipande vifupi vya plastiki iliyokatika hubaki juu vikiwa vimelegea, na wino hushika hivyo vipande. Jaribu hivi: pima pembe, suuza nailoni kwa maji, ikaushe, pima tena. Pembe ikipanda sana baada ya kusuuza, ulipitiliza. Nailoni ya namna hiyo pia hugandana kwenye roli, na ukiifunga kwa joto mdomo wa pakiti hauungani vizuri.

Angalia upande wa pili. Hewa ikinaswa kati ya nailoni na rola, umeme hutibu na upande usiotakiwa. Ndiyo maana nilisema pima pande zote mbili.

Angalia unyevu wa hewa. Mtu wa Tanga au Mombasa msimu wa masika asitegemee jibu lilelile la kiangazi kwa umeme uleule. Hewa yenye mvuke mwingi hupunguza nguvu ya tiba.

Na linda mapafu ya vijana wako. Harufu kali ile ni ozoni, nayo ni sumu. Bomba la kuitoa nje ya jengo ni la lazima. Mashine isiyo na bomba hilo isiwashwe.

Ghalani

Tiba ya korona huanza kufifia tangu siku ya kwanza. Sehemu zenye oksijeni hugeukia ndani ya plastiki, na viongezo huendelea kupanda na kuzifunika. Joto huharakisha yote mawili. Weka maroli kivulini, mbali na bati, yakiwa yamefunikwa ili vumbi lisiingie. Lililoingia kwanza litoke kwanza. Roli likishazidisha wiki chache, lipime upya hata kama karatasi yake inasema daini 40.

Bandani kwa mkulima

Kuna kazi nyingine ambako ulowanaji wa nailoni unagusa mfuko wa mtu moja kwa moja: kitalu nyumba cha nyanya. Usiku mvuke huganda chini ya paa la nailoni. Paa likiyakimbia maji, mvuke unakuwa matone. Asubuhi matone hurudisha nyuma sehemu ya mwanga, kisha hudondokea majani. Jani likibaki limelowa kwa saa nyingi, bakajani chelewa hupata nafasi. Paa likiyapenda maji, mvuke hutanda utando mwembamba unaoteremka hadi pembeni.

Nailoni za kuzuia matone hutiwa kiongezo kinachopenda maji, mara nyingi cha jamii ya monostearati ya gliseroli, nacho hupanda usoni kama ile nta, ila hufanya kazi kinyume chake. Mambo mawili ya kukumbuka: nyingine zina upande mmoja tu wenye kiongezo, nao ndio unaopaswa kuangalia ndani, na maji yanayoteremka hukichukua kiongezo hicho kidogo kidogo, hivyo hakidumu kama nailoni yenyewe. Kabla hujaitandika, ipulizie pumzi ya kinywa pande zote mbili. Upande unaobaki wazi ndio wa ndani. Ule unaopata ukungu ndio wa nje.

Daftari moja tu

Kila roli likiingia, andika: tarehe lilipotengenezwa, kiongezo, tarehe ya korona na kipimo chake, pembe ya kushoto, katikati na kulia, na hali ya hewa siku hiyo. Bana kipande cha nailoni kwenye ukurasa huo. Pembe ikiwa kubwa roli zima, uliza kuhusu korona na ghala. Ikiwa kubwa upande mmoja, upau wa korona haujakaa sawa. Ikiwa nzuri leo na mbaya wiki ijayo, kituhumu kiongezo.

Yule mama wa chumvi tulimchapia upya, kwa gharama yetu, kwenye roli lililokuwa limetibiwa wiki ileile. Kabla ya kuwasha mashine nilipima: digrii 74, kushoto, katikati na kulia. Alipokuja kuchukua mzigo wake hakusema neno. Alilowesha kidole gumba, akasugua jina. Kisha akakichovya kidole hicho kwenye chumvi aliyokuja nayo kwenye kipande cha karatasi, akasugua tena, kwa nguvu, mara tatu. Akakitazama kidole chake, akanionyesha. Kilikuwa cheupe kwa chumvi.